Mgonjwa akisema "kinaniumaga", andikeni hivyo hivyo

Mgonjwa aliponiambia "dokta, kichwa kinaniuma", nilichukua kipimajoto. Aliponiambia "kichwa kinaniumaga", nilivuta kiti nikakaa. La kwanza ni jambo la leo: pengine malaria, pengine jua la shambani, pengine hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. La pili limetoka mbali. Huyo nitamuuliza kinamuuma upande gani, mara ngapi kwa wiki, kama kinakuja na kichefuchefu, kama anaona vizuri, kama amewahi kupimwa presha na, tukishazoeana kidogo, kama nyumbani analala kwa amani. Silabi moja tu, -ga, ndiyo iliyonionyesha njia ya kumfuata.

Nimestaafu uafisa tabibu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Usukumani, katika zahanati na vituo vya afya vya Kwimba na baadaye Magu, na sasa naishi Mwanza mjini. Lakini kwetu ni Pangani. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu wa pwani wenzangu na najua watakavyoyapokea maneno haya. Nimelelewa na hu-. Kwetu husemwa "babu yako hulala mapema", "samaki huyu hupikwa kwa nazi", "kusi likivuma bahari huchafuka". Naipenda hu- na sitaki kuona siku inazikwa. Ninachodai ni kwamba Kiswahili cha leo kinasemwa na mamilioni ya watu ambao hu- peke yake haiwatoshi. Wana kiambishi kingine kinachowatosha. Na wenye kalamu, kuanzia mwalimu wa darasa la nne hadi karani wa mahakama, wamekuwa wakikifuta kana kwamba ni uchafu. Kukifuta kunaharibu ushahidi. Mimi nimeuona uharibifu huo kwa macho yangu, juu ya miili ya watu.

Tuiangalie kwanza hu- yenyewe, kwa haki. Haichukui nafsi: mimi hulala, wewe hulala, ng'ombe hulala, wote wamevaa kiambishi kimoja. Haichukui wakati: ukitaka kusema ya zamani, unaiacha na kushika "nilikuwa nikilala". Haiwezi kukanushwa, ukitaka kukanusha unarudi kwenye "silali", au unazunguka kwa "huwa silali". Haina amri. Haiwezi kuagiza mtu afanye jambo kila mara. Lazima useme "uwe unakuja", "uwe unapiga simu".

Sasa msikilize mama wa Ngudu, au kijana wa Igoma, au dereva wa lori kutoka Kahama. Nalalaga. Nilikuwa nalalaga. Silalagi. Lalaga mapema, mwanangu. Sinaga hela mwisho wa mwezi. Huyo hayupogi hapa. Kiambishi kimoja kinaingia kwenye wakati uliopo na uliopita, kwenye kukubali na kukana, kwenye amri, hata kwenye "sina" na "hayupo" ambako hu- haijawahi kufika. Anayesema huu ni uvivu wa ulimi hajakaa akausikiliza. Mtu mvivu hajengi mfumo wenye mikono mingi namna hiyo, tena unaofuata kanuni: kwenye kukubali mwisho ni -ga, kwenye kukana mwisho kwa kawaida ni -gi, na mtoto wa miaka mitatu hakosei.

Katika chumba cha daktari tofauti hizi zina uzito. Chukua suala la kukana. Nataka kumpa mtu dawa isiyopatana na pombe. Namuuliza kuhusu kunywa, ananijibu "sinywi". Sinywi lini? Leo sinywi kwa kuwa naumwa? Sinywi tangu Kwaresima ianze? Sinywi maishani? Kiswahili sanifu kinaliacha neno hilo moja libebe yote, na msikilizaji abahatishe. Mgonjwa wa Usukumani ananipa majibu mawili tofauti. Akisema "sinywi" namuuliza zaidi. Akisema "sinywagi", naandika dawa.

Kuna mtego mwingine, na huu nawaomba matabibu vijana wausome mara mbili, hasa waliotoka pwani na vyuoni wakiwa na sarufi safi. Muulize mzee asiyesikia vizuri, "Baba, hunywa dawa?" Yeye akasikia "hunywi dawa?" Irabu ya mwisho tu ndiyo iliyotenganisha kuuliza kama ana kawaida ya kunywa na kuuliza kama hanywi. Mzee anajibu "ndiyo". Katika Kiswahili "ndiyo" inaafiki kile kilichoulizwa, hivyo kwake ndiyo ni "ndiyo, sinywi", na kwako ndiyo ni "ndiyo, hunywa". Unaandika kwenye faili kwamba presha haishuki ingawa anatumia dawa, unamwongezea kipimo, na akirudi nyumbani siku akaamua kuzimeza zote kama ulivyomwandikia, anaanguka. Muulize "unakunywaga dawa zako, baba?" hutapata shida hiyo. Lugha imejitengenezea kinga, na sisi tunaiita kosa.

Nikae hapa kidogo kwenye dawa. Presha, kisukari, kifafa, virusi vya UKIMWI: yote ni magonjwa ya mazoea. Yanatibiwa kwa kumeza jana, leo, kesho na mwakani. Mtu anayesema "nameza" na anayesema "namezaga" hawajasema jambo moja, na hapa -ga inafanya kazi ya siri zaidi. Mara nyingi "namezaga" ina upenyo ndani yake. Ina maana dawa zipo nyumbani, nazifahamu, huwa naziendea, lakini si kila siku. Msemaji hasemi uongo. Ameweka ukweli wote ndani ya silabi ya mwisho na anangoja uuone. Muuguzi mzoefu wa Usukumani hasemi "vizuri" anaposikia "namezaga". Anauliza kwa upole, "mara ya mwisho ilikuwa lini, mama?" Hapo ndipo habari zinapotoka: vidonge viliisha wiki iliyopita, nauli hakuna, mume hataki avione. Yakiandikwa kwenye daftari la MTUHA, lile la taarifa za huduma za afya, kwa Kiswahili kilichonyooshwa, "anatumia dawa", habari yote hiyo inapotea kabla wino haujakauka.

Kwa kifua kikuu ilikuwa hivyo hivyo. Matibabu ni miezi sita, kila siku, na mgonjwa akikatisha tunamfuata nyumbani kwa sababu anajidhuru na anaweza kurudi na vijidudu visivyosikia dawa. Ukifika kwenye mji wake unamkuta jirani anapura mpunga. Ukiuliza, jirani akasema "hayupo", unakaa chini ya mwembe kumngoja. Amekwenda mnadani, atarudi. Akisema "hayupogi", unajua mgonjwa huyo haishi tena hapo, na swali linalofuata ni "anakaaga wapi siku hizi?" Nimesikia watu wakibishana mijini kama "hayupogi" ni neno. Kwetu sisi tuliotembea kwa baiskeli kwenye vumbi la Kwimba, neno hilo lilitufanya tujue kama tungoje au tugeuze.

Kina mama wana njia nyingine pia ya kusema mambo yanayojirudia, na hii haigombwi na mwalimu yeyote, kwa hiyo inanishangaza kwamba ndugu yake anagombwa. Namaanisha kurudufisha kitenzi. Mama anakuja na mtoto mgongoni. Anaweza kusema mtoto anatapika. Anaweza kusema anatapikatapika. Anaweza kusema anatapikaga. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hii anasikia watoto watatu tofauti. Wa kwanza anatapika sasa, tena pengine kwa nguvu. Wa pili anatoa kidogo kidogo, anacheua, anarudisha maziwa, anapumzika, anarudia. Mama amechoka lakini hajaogopa. Wa tatu ana tabia hiyo: akishanyonya tu, au akila ugali wa muhogo, au akipakiwa kwenye basi. Wa kwanza namkimbilia. Miongozo ya kutibu watoto chini ya miaka mitano iliyotoka Shirika la Afya Duniani na UNICEF miaka ya 1990, ambayo sisi tulifundishwa na kuifuata, inataja dalili za hatari ambazo lazima uziulize kwa kila mtoto: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea au kupoteza fahamu. "Kutapika kila kitu" ni swali zuri, lakini mama hajibu kwa maneno ya mwongozo. Anajibu kwa vitenzi vyake, na umbo la kitenzi ndilo linalokuambia kama dalili ya hatari ipo.

Vivyo hivyo kulia na kulialia. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Anayelialia, yaani sauti ndogo inayokatika na kuanza, isiyonyamazishwa na ziwa wala na kubebwa, huyo alinitia hofu kuliko anayepiga kelele. Kukohoa na kukohoakohoa. Kushtuka na kushtukashtuka, ambako usiku mmoja kunaweza kuwa homa tu, na usiku mwingine ndiyo degedege linabisha hodi. Na mama akileta kijana wake mkubwa akasema "huyu anaangukaga", hajasema amejikwaa. Amesema kifafa, bila kulitaja neno ambalo kijijini linamfungia kijana milango ya kuoa. Ni -ga hiyo iliyombebea aibu yake kwa heshima.

Nimesema nimeona madhara kwenye miili ya watu. Kila aliyefanya kazi ya tabibu nchini anaijua PF3, fomu ya polisi anayokuja nayo aliyejeruhiwa ili tumchunguze, tumtibu na tujaze tulichokiona. Wanawake wengi waliokuja na fomu hiyo mkononi walisema sentensi yenye umbo moja: "Ananipigaga, ila jana alizidisha." Sikiliza sehemu zake mbili. Ya kwanza ni mazoea, ya pili ni tukio. Na maelezo ya polisi yaliyoambatana nao, mara nyingi sana, yalikuwa na nusu moja tu: "Jana alinipiga." Sehemu ya mazoea imeanguka njiani. Sidhani askari alikusudia ubaya. Alifundishwa shuleni kwamba -ga haiandikwi, na alipoitoa hakuweka kitu mahali pake. Angeweza kuandika "amekuwa akinipiga", au "hunipiga mara kwa mara". Hakuandika, kwa sababu aliyejifunza kufuta hajafundishwa kutafsiri kile anachokifuta.

Nakumbuka kesi moja niliyoitwa kutoa ushahidi. Mwanamke alikuwa na jeraha jipya juu ya jicho, na mgongoni alikuwa na makovu ya umri mbalimbali, mengine yamekwisha kuwa meupe. Niliyaandika yote kwenye fomu, jeraha jipya na makovu ya zamani. Mshtakiwa alisimama akasema ilikuwa hasira ya siku moja. Maelezo yaliyoandikwa hayakumpinga, maana yalisema kitendo kimoja cha siku moja. Mgongo wa yule mama ulikuwa umeandikwa -ga kuanzia bega hadi kiuno, na karatasi iliyotakiwa kumsemea ilikuwa imeikata. Hakimu aliniuliza kuhusu makovu nikaeleza, lakini tabibu anaweza kusema kovu ni la zamani. Hawezi kusema ni nani aliyelitia. Ni mwenyewe ndiye aliyeweza kusema, na alikwisha kusema, kituoni, kwa sarufi yake.

Ndiyo maana suala hili si la wapenda lugha peke yao. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Nililifurahia badiliko hilo kwa moyo wote. Kabla ya hapo shahidi wa mahakama ya wilaya alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, na maana ikavuka mto mzima. Sasa mto haupo. Anachosema shahidi kinaweza kuandikwa kama alivyokisema. Lakini kama hakimu kijana anaona aibu kuandika "alikuwa anampigaga" kwenye kumbukumbu za mahakama, akaandika "alikuwa anampiga", basi amerudisha ule mto kwa mkono wake. "Alikuwa anampiga" inaweza kuwa dakika tano za jioni moja, wakati jirani anapita njiani. "Alikuwa anampigaga" ni miaka.

Watanijibu: Kiswahili sanifu kina uwezo wa kusema hayo yote. Kinao. "Alikuwa akimpiga mara kwa mara", "alizoea kumpiga". Nakubali, na mwandishi wa hukumu atumie maneno hayo anapoandika kwa kauli yake mwenyewe. Lakini ushahidi ni kauli ya shahidi. Ukimtia maneno yako mdomoni, kwa nini usimalizie kwa kumtia na majibu yako?

Watasema pia kwamba -ga ni Kisukuma kilichovamia. Hili linahitaji kujibiwa kwa habari. Kweli Kisukuma na Kinyamwezi vina kiambishi cha namna hiyo, na bila shaka vimekiweka hai katika Kiswahili cha kanda ya ziwa na magharibi. Lakini si hivyo tu. Kikuyu kina -aga yake ya mazoea. Mnyarwanda akisema "nakoraga" anasema alikuwa akifanya kazi. Vuka mpaka uingie Kenya, uwasikilize watu wa magharibi au vijana wa Nairobi: anakujanga, huwanga, sikulangi, ni ile ile, imepata ng ya Kiluhya njiani. Nenda Lubumbashi, Kiswahili cha huko husema kwa -aka kama Kilingala kisemavyo. Binti yangu aliyesomea isimu ndiye aliyenionyesha kwamba mtaalamu wa Ubelgiji, A. E. Meeussen, katika kazi yake ya mwaka 1967 ya kuunda upya sarufi ya Kibantu cha kale, alikiweka kiambishi hiki, -ag- na -ang-, katika lugha ile ya mababu. Maana yake, mama wa Ngudu hajaleta kitu kigeni nyumbani. Amekuja na chombo cha ukoo ambacho sisi wa pwani tulikuwa tumekiacha.

Na tulikiacha kabla ya kuulizwa. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni na wamisheni walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ikaundwa kusimamia kazi hiyo. Ulikuwa uamuzi wenye faida nyingi. Bila huo tusingekuwa na magazeti yanayosomeka Kigoma na Lamu. Lakini Kiunguja kilikuja na hu- yake tu, na sarufi zilizoandikwa juu yake zikafundisha mazoea kwa hu-. Wakati ule waliozaliwa na Kiswahili walikuwa watu wa pwani na visiwa. Leo Kiswahili ni lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa Mwanza, Tabora, Shinyanga, Dodoma, ambao wazazi wao ni wa makabila mawili na hawana lugha nyingine ya kuzungumzia mezani. Kwao -ga si mabaki ya lugha ya kabila. Wengi wao hawajui Kisukuma hata cha kusalimia. Wameinyonya ndani ya Kiswahili, kama mimi nilivyoinyonya hu-.

Sitaki nionekane naibeba -ga bila kuona mizigo yake. Ina tabia ya kutanuka. Kanda ya ziwa utasikia "alikufaga", "nilizaliwaga Bariadi", na hapo hakuna mazoea tena. Imekuwa alama ya zamani za kale. Hiyo ilinisumbua kazini. Mgonjwa akisema "niliumwaga TB", sijui kama ni mara moja miaka mingi iliyopita au ni ugonjwa uliokuwa ukimrudia, na kwa TB tofauti hiyo inabadilisha uchunguzi mzima. Ilibidi niulize mwaka, niulize alimaliza dawa au hakumaliza. Vijana nao wameipandikiza hadi "huwaga", mazoea juu ya mazoea, na wapo wanaoitupa kila mwisho wa kitenzi bila maana yoyote, kwa kuwa inawakaa vizuri mdomoni. Mambo haya ndiyo yanayohitaji mwalimu. Mtoto aelezwe tofauti ya "anakuja" na "anakujaga", ya "alikujaga" iliyo mazoea na ile iliyo zamani, na aambiwe ni wapi panafaa aandike "huja". Leo anachopata ni mstari mwekundu na neno "kosa". Hajafundishwa chochote, ameambiwa tu kwamba mama yake hajui kusema.

Na hu- je? Nimeishi nazo zote mbili muda mrefu kiasi cha kuona kwamba haziwanii nafasi moja. Hu- inafuta mtu na wakati, kwa hiyo inafaa mahali ambapo mtu na wakati havina kazi. Maji huchemka. Malaria huenezwa na mbu. Mchumia juani hulia kivulini. Bango la zahanati likisema "malaria inaenezwaga na mbu" linasikika kama mtu mmoja anasimulia alivyoona. Hu- inalifanya liwe kanuni isiyo na mwenyewe. Methali zetu nyingi zimejengwa juu yake na haziwezi kuhama. Lakini mtu akija kujieleza, mwili wake, nyumba yake, ndoa yake, anahitaji kitenzi chenye nafsi ndani yake: na-, u-, a-. "Mimi huumwa kichwa" ni sahihi, na sijawahi kumsikia mgonjwa yeyote aliyekuwa na maumivu akaisema, hata wa Pangani. Wa Pangani husema "huwa naumwa", akatafuta nafsi yake mlango wa pili.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni mambo ya kufanyika. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo limekuwepo kwa sheria tangu 1967, litoe mwongozo unaoieleza -ga kama umbo la mazoea katika Kiswahili cha mazungumzo, lenye kanuni zake za kukubali na kukana, na liseme bayana kwamba maneno ya mtu yanaponukuliwa haliondolewi. Vitabu vya sarufi vya sekondari viipe ukurasa wake kando ya hu-, pamoja na vitenzi vinavyorudufishwa, ili mwanafunzi aone familia nzima ya namna tunavyosema jambo linalojirudia. Vyuo vya matabibu na wauguzi vifundishe kuuliza. Tunatumia saa nyingi kufundisha wapi pa kuweka kisikilizio cha moyo na hatutumii hata kipindi kimoja kumfundisha kijana wa Tanga au wa Mtwara, anayepelekwa Maswa, namna ya kusikia tofauti ya "namezaga" na "nameza".

Kwa polisi na mahakama ombi langu ni jepesi kuliko yote, kwa sababu halihitaji kitabu kipya. Maelezo husomewa mwenyewe kabla hajatia saini au dole gumba. Basi yasomwe kwa umbo alilolitumia, na kama mwandishi ameona lazima ayanyooshe, amuulize kwa sauti: "Mama, umesema anakupigaga, ni mara ngapi, tangu lini?" Majibu yake yaandikwe. Mahakimu wanaandaliwa Lushoto, katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, mkoani kwetu Tanga, umbali wa safari ya nusu siku tu kutoka pwani ambako hu- inatawala. Wengi wao watapangiwa Geita, Simiyu, Tabora, Katavi. Wapewe somo hili kabla hawajapanda basi.